Jogoo wa Kulikombolea Jina la Bibi Kolomba

Wenzangu wa ofisini waliponiaga mwezi uliopita walinipa kitenge, keki na kazi ya nyumbani. Kitenge nimeshakishona. Keki ililiwa palepale na watu ambao sikuwahi kuwaona kazini. Kazi ya nyumbani ndiyo hii. Zuhura, aliyekalia kiti changu sasa, anadai nimeondoka na mafaili kichwani ambayo hayajawahi kuchapwa, na siku akija mteja mwenye kesi ya ajabu yeye atamwambia nini. Nilimjibu ampe chai kwanza. Lakini nimekaa hapa kibarazani Mjimwema, Songea, hadi kuku wa jirani wamenizoea, basi naandika.

Kwa asiyetufahamu, sisi tulikuwa tunasajili majina. Mwanzoni yalikuwa majina ya bidhaa, yaani alama za biashara, na baadaye yakaongezeka majina ya tovuti. Mtu ana sabuni yake, au asali, au basi linalokwenda Mbinga, na hataki mwingine alitumie jina lake. Anapanda ngazi zetu nyuma ya soko kuu akihema, anakaa, na anaanza kulalamika hata kabla ya salamu. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza mpaka amalize, kisha kumuuliza kama amelisajili. Mara nyingi alikuwa hajalisajili.

Siku yangu ya kwanza nilifika na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Mwenye ofisi, Wakili Luambano, alikuwa mahakamani, na mhudumu akaniambia nifanye usafi wakati namsubiri. Nikafungua kabati moja, nikakuta limejaa takataka: makaratasi ya sabuni, vifuko vitupu vya chumvi, maboksi ya viberiti, kopo la mafuta ya kujipaka lililobonyea. Nikasema moyoni, mzee huyu anaishije hivi? Nikajaza ndoo, nikaenda kumwaga jalalani. Aliporudi nilimwamkia, akaitika, akafungua kabati, akalifunga, akalifungua tena.

"Binti, sabuni yangu iko wapi?"

"Sabuni ya kunawia, mzee?"

"Karatasi ya sabuni. Wiki ijayo ndiyo shahidi wangu."

Tulishuka wote wawili hadi jalalani, yeye na koti lake jeusi la mahakamani, mimi na viatu vya watu. Sabuni tuliipata. Kopo la mafuta ya kujipaka hatujalipata hadi leo, na mzee alinikumbusha kopo hilo kila Krismasi hadi alipofariki.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba cheti peke yake hakitoshi. Unatakiwa uoneshe kwamba jina linaishi, kwamba lipo kwenye mfuko, mfuko upo dukani, na mtu anaingia kuuliza kwa jina hilo. Mzee Luambano hakuandika hata mstari mmoja kabla hajaenda kuishika bidhaa kwa mkono wake. Alikuwa ananituma Majengo, Lizaboni, hata Peramiho, nisimame dukani kama mnunuzi na kusikiliza watu wanaagizaje. Wenye maduka walinichoka. Kuna mmoja alinifukuza akidhani nimetumwa na watu wa kodi.

Kompyuta ilipoletwa ofisini, mzee aliitazama kama mkwe aliyechaguliwa na watu wengine. Hakuigusa, ila aliniuliza maswali mpaka akaelewa ugonjwa wake. Katika rejista ya alama, watu wawili wanaweza kuwa na jina moja bila ugomvi, mradi bidhaa hazifanani. Wa sabuni ana sabuni yake, wa mabasi ana mabasi yake. Kwenye mtandao hakuna cha sabuni wala basi. Jina moja na mkia wake mmoja ni la mtu mmoja tu. Mkia tuliita kile kipande cha mwisho baada ya nukta, na jina hilo lilitushika hata tukalisahau lile la vitabuni.

Kesi yangu ya kwanza ya mikia ilikuwa ya kwaya na baa. Zote ziliitwa Paradiso na zote zilikuwa na haki. Kwaya iliwahi mkia wa nchi, mwenye baa akawahi mkia wa kibiashara, na kwa miezi kadhaa watu waliotafuta nyimbo za misa walikuwa wanaletewa bei ya nyama ya kitimoto. Mwenyekiti wa kwaya alikuja ofisini akiwa amevimba. Mwenye baa naye alikuja, amevimba zaidi, kwa sababu alikuwa anapigiwa simu na watu wanaouliza mazoezi ni saa ngapi. Niliwakalisha pamoja. Wakakubaliana kila mmoja aweke chini ya ukurasa wake maneno ya kumwelekeza mgeni aliyepotea. Maneno hayo bado yapo. Nasikia mwenye baa alipata wateja wapya, wengi wao waimbaji wa sauti ya tatu.

Halafu ikaja mikia mipya. Zamani ilikuwa michache, ukiijua yote unaitaja kwa pumzi moja. Ghafla ikamwagika: ya maduka, ya vyakula, ya miji, ya harusi, hata ya vitu ambavyo sijui nani anavihitaji. Kwa mwenye alama ya biashara, kila mkia mpya ni mlango mpya ambao mwizi anaweza kuuingilia. Kwa hiyo waliweka utaratibu. Mkia ukifunguliwa, wenye alama zilizosajiliwa hupewa dirisha lao kwanza. Wanapeleka cheti, picha ya bidhaa ikiwa sokoni, na sahihi ya mwenye alama. Dirisha likifungwa, mlango unafunguliwa kwa kila mtu, na anayewahi ndiye anayekaa. Vijana, hilo mnalijua. Ninaloandika sasa mnalijua nusu.

Bibi Kolomba alikuwa muuza uji. Alianza na sufuria moja asubuhi karibu na stendi, na watu wakawa hawapandi basi bila kupita kwake. Alipochoka kukaa kwenye moshi, binti yake Yustina akakusanya akina mama wa hapa Mjimwema, wakaanza kusaga unga uleule wa lishe na kuufunga kwenye mifuko yenye picha ya bibi amevaa kilemba. Jina lilikuwa Kolomba. Alama niliwasajilia mimi mwenyewe, na mfuko wao wa kwanza ulikaa kwenye kabati la Mzee Luambano, ingawa mzee alikuwa ameshatangulia.

Unga ukapendwa. Maduka makubwa ya Dar yakakubali kuuchukua, na Yustina akaagiza mifuko mipya ya kung'aa yenye anwani ya tovuti: jina Kolomba, kisha mkia mpya wa vyakula. Tatizo ni kwamba mkia wenyewe ulikuwa haujafunguliwa. Nilipomuuliza, akaniambia, "Dada Gau, jina si letu? Nani atalichukua?" Mifuko ikaja, ikapangwa kwenye stoo yao mpaka darini. Mimi nikaandaa makaratasi ya dirisha. Kilichobaki kilikuwa sahihi yake.

Wiki hiyohiyo Bibi Kolomba akafariki.

Nilikwenda msibani na makaratasi kwenye mkoba. Nikamkuta Yustina kwenye mkeka, hawezi hata kunywa maji. Nilikaa pembeni yake, nikashika mkono wake, na mkoba sikuufungua. Hata leo nisingeufungua.

Siku ya maziko nilicheka kuliko siku zote za mwaka ule, na aliyenichekesha ni Kikoti. Kikoti alikuwa Mhehe wa Iringa, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, mtani wetu sisi Wangoni kwa damu na kwa kazi. Asiyejua utani wa misibani ajue tu kwamba mtani hulipwa kwa kuwavunja waliofiwa mbavu, na akishika kitu cha marehemu lazima kikombolewe. Kikoti alijifunga kanga ya bibi, akachukua fimbo yake, akaigiza bibi alivyotembea na alivyowafokea wateja wasio na chenji. Kisha akaukamata mwiko wa bibi, ule wa kukorogea uji, akakaa nao juu ya udongo wa kaburi, akasema hazikwi mtu mpaka aone kuku. Hata padri aligeuka pembeni akitikisika mabega. Kuku akaletwa, mwiko ukarudi, bibi akazikwa. Tukadhani utani umeishia hapo.

Yustina alipoweza kushika kalamu, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Nikajipa moyo kwamba siku mlango utakapofunguliwa tutawahi kama watu wengine. Asubuhi hiyo nilifika ofisini kabla hata ya mfagiaji, nikaandika jina, nikabonyeza. Limeshachukuliwa. Mwenye jina amejificha, kama kanuni zinavyomruhusu.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Kuna kinu kimoja kikubwa cha kusaga unga, cha mji wa mbali, ambacho kilishatupigia simu kuuliza kwa sauti tamu kama jina Kolomba "lina mwenyewe kwelikweli." Yustina alikuja akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Kwanza kaondoka mama," alisema. "Sasa hata jina lake?"

Maduka ya Dar yalikuwa yanasubiri mzigo, na mfuko wenye anwani inayompeleka mteja kwa mtu mwingine hauwezi kuuzwa. Akina mama wale walikuwa wameweka kila kitu chao pale.

Zuhura ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Ni mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, na sheria ameisoma darasani, si kama mimi niliyeiokota mezani kwa Mzee Luambano. Tukakaa kuandaa malalamiko. Kwenye kesi hizi unathibitisha mambo matatu tu: kwamba jina ni sawa na alama yako, kwamba aliyelichukua hana haki nalo, na kwamba amelichukua kwa nia mbaya. Mawili ya kwanza yalikuwa mepesi. La tatu ndilo huwa gumu, kwa sababu nia iko moyoni mwa mtu. Nikamwandikia mwenye jina kupitia ile njia ya kumficha, kwa Kiswahili cha mahakamani chenye meno, nikimtaka aliachie mara moja.

Jibu lilikuja kesho yake: "Jina la bibi yenu ninalo mimi. Mkilitaka njooni na jogoo mwekundu, mwenye sauti, na unga wa uji wa kuwatosha wageni. Mkichelewa nazidisha."

Nilipiga meza kwa furaha. Anadai fidia! Hakuna nia mbaya iliyo wazi kuliko hiyo. Nikamwambia Zuhura aibandike kama kielelezo, tupeleke leo leo. Zuhura akaisoma, akaisoma tena.

"Mama Gau, samahani. Mwizi gani wa mtandaoni anaomba jogoo?"

"Wezi wana tabia zao."

"Wanaomba dola, mama. Huyu anataka jogoo, tena mwenye sauti. Wallahi huyu ni mtu wa hapahapa."

Nikaukumbuka ule mwiko. Nikamwona Kikoti juu ya udongo na kanga ya bibi. Nilikuwepo kwenye maziko yale, nililia kwa kucheka, na bado haikunijia akilini. Mtandaoni mtu anatarajia mwizi, hatarajii mtani. Nilicheka mpaka Zuhura akaniletea maji.

Tulishuka naye hadi stendi, Yustina tukampitia njiani. Kikoti alikuwa ameinama juu ya kompyuta ya mtu, bisibisi mdomoni. Alipotuona hakushangaa.

"Kamwene, watani! Nimepata barua yenu. Wangoni bwana, kwa kukimbilia mahakamani! Siku hizi panya wameisha?"

"Wewe tuachie jina letu," nikamwambia, "au nimfungulie mbwa wangu. Ila najua utafurahi, utamwita kitoweo cha kesho."

Wateja wakaangua kicheko, maana sisi tunataniwa kwa kula panya na Wahehe kwa kula mbwa. Yustina hakucheka.

"Kikoti, mimi silali. Mifuko imejaa ndani. Watu wa kile kinu wanalitaka jina. Utani gani huu?"

Kikoti akaweka bisibisi chini. Uso wake ulibadilika, na sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada.

"Hao wa kinu walikuja hapa, Yustina. Walimtuma mtu wao. Alinikuta kwenye kiti hiki, akaniambia mlango ukifunguliwa nimshikie jina Kolomba, atanilipa vizuri. Alidhani mimi ni fundi tu. Mlango ulipofunguliwa nikalishika mimi. Alipokuja nikamwambia limeshachukuliwa. Akauliza, na nani? Nikamwambia, na mwenyewe."

Kisha akaendelea kwa sauti ya chini kwamba alipokuja Songea kujifunza ufundi alikuwa na shati moja, na bibi alimpa uji kila asubuhi na kumwita mwizi wa Kihehe mbele za watu, ili asione aibu ya kupewa bure. "Ningeliacha jina lake lichukuliwe na watu nisiowajua?" Yustina alimkumbatia palepale, mbele ya wateja na abiria wa stendi. Mimi nilijifanya naangalia chaja za ukutani.

"Basi tupe," Yustina akasema akifuta machozi.

"Jogoo yuko wapi?"

Na hakulegeza. Tulimpelekea kuku mweupe, akamkataa. Tukampelekea mwekundu aliyenyamaza, akasema huyo ni bubu. Siku ya tatu tukapata jogoo wa Msamala aliyekuwa anawaudhi majirani, na makabidhiano yakafanyika ofisini kwetu. Jogoo alifungwa mguuni pa meza, akawika katikati ya kazi na kuudonoa waya wa mtandao, ikabidi Kikoti mwenyewe autengeneze. Aliandika namba ya siri ya kuhamisha jina, akambonyezesha Yustina kitufe cha mwisho. Uji ukanywewa. Zuhura akaninong'oneza kwamba kwa kanuni huyu bwana tungemshinda asubuhi moja tu, kila kielelezo kilikuwepo. Ni kweli. Tungeshinda, halafu tungeficha wapi nyuso zetu?

Mzigo ukaenda Dar. Kikoti akawa kila akipita chini ya dirisha letu anapaza sauti: "Na mimi nikifa, mje mlikamate la kwangu!" Nilimjibu kwamba la kwake hata jogoo mgonjwa halifikii.

Alifariki mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu. Ni moyo, walisema. Tulikodi gari kwenda Iringa, sisi Wangoni wake, na makaburini nilivaa koti lake la kazi na kuweka bisibisi mdomoni. Watu wake walicheka. Mimi ndani nilikuwa nimevunjika, lakini kazi ya mtani ni kazi.

Nilirudi ofisini nikatazama jina la kibanda chake. Tovuti yake ilikuwa ndogo, picha mbili na namba ya simu, na ada ya jina ilikuwa karibu kuisha. Watoto wake wako mbali, hawakuwa na habari. Ningeweza kuwapigia simu tu. Nikaliacha likaisha, likaachiwa, nikalishika kwa jina langu. Miaka yote hiyo nilikuwa nawafundisha ninyi vijana mambo matatu ya kesi ya jina, na kazi yangu ya mwisho ofisini nikayatenda yote matatu mwenyewe. Zuhura alisimama nyuma yangu akishuhudia. Kisha nikawaandikia watoto, bila kujitaja: jina la baba yenu tunalo, njooni na jogoo.

Mkubwa wao alijibu kwamba ameshaongea na wakili. Nilifurahi sana. Nadhani alikwenda kumsomea mama yake ujumbe ule, na mama yake ndiye aliyemweleza kwamba ni watani wa Songea, na amtafute nani, maana baada ya hapo kukawa kimya.

Jumamosi iliyopita nilikuwa hapahapa kibarazani, nimeandika nusu ya karatasi hizi. Bodaboda ikasimama getini. Akashuka kijana mrefu mwenye paji la uso lilelile la Kikoti, vumbi la safari mwilini, na kapu lililofunikwa ambalo lilikuwa linatikisika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama akishika kapu kwa mikono miwili. "Nimekuja kumchukua baba," akasema.

Machozi yakanijaa, na sikutaka ayaone. Nikainama nikafunua kapu, nikamtazama yule jogoo kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Kisha nikamwambia huyu ni bubu, tena kakonda, na Wahehe wanajulikana kwa kudanganya watu, kwa hiyo aingie ndani ale kwanza, kesho tukatafute mwingine.